Funga maji, usizime joto: kuiacha nyumba ya Minnesota ukienda nyumbani Desemba

Tiketi za Desemba hukatwa Agosti. Mabegi hupimwa mara tatu yasizidi kilo 23, na kila shangazi zawadi yake imeshaandikwa jina. Lakini nyumba yenyewe, inayokwenda kukaa peke yake wiki tano au sita katikati ya baridi kali kuliko zote za mwaka, hupewa dakika kumi za mwisho, gari la kwenda uwanja wa ndege likiwa limeshawashwa. Themostati inashushwa, taa zinazimwa, mlango unafungwa. Sisi tunaotunza nyumba hapa Minnesota, zetu na za jamaa waliosafiri, tumejifunza kwamba hii ni kazi ya nusu siku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko kwenye valvu za maji kuliko kwenye themostati.

Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha Minneapolis kilishuka mpaka nyuzi -28 za Fahrenheit, yaani -33 za Selsiasi. Kwa baridi ya namna hiyo, mashine ya kupashia joto ikizima usiku, nyumba ya zamani yenye madirisha yanayovuja inaweza kufikia kiwango cha kugandisha maji kabla ya usiku wa pili kwisha. Wala si lazima nje kufike huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliopima mabomba yasiyofunikwa darini walikuta hatari inaanza nje ikishuka kufikia nyuzi 20 za Fahrenheit (-7 za Selsiasi). Kwetu hiyo ni siku ya kawaida tu ya Januari, watu wanakwenda kazini na watoto shuleni.

Ukijua jinsi bomba linavyopasuka, kila hatua inayofuata itakuwa na sababu yake. Aliyekulia Mwanza au Kisumu anaijua chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza: maji yakiganda yanatanuka kwa kama asilimia 9, chupa inapasuka. Bomba haliko hivyo kabisa. Barafu inapoanza kuota mahali fulani ndani ya bomba, tuseme kwenye ukuta wa nje nyuma ya sinki la jikoni, inakua kama kizibo na kuyasukuma maji yaliyo mbele yake. Upande wa mtaani yanaweza kurudi nyuma kuelekea mita, kwa hiyo hapo shinikizo halipandi sana. Upande wa koki hayana pa kwenda kwa sababu koki imefungwa. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo shinikizo linapanda mpaka mahali dhaifu panaachia, na mara nyingi si pale palipoganda: ni kiungo kilicho hatua mbili mbele, ndani ya ukuta wenye joto. Ndiyo maana koki iliyoachwa wazi, na maji ya mtaani yakiwa yamefungwa, huokoa bomba hata kama limebaki na maji kidogo. Barafu inapata pa kupumulia.

Kisha kuna jambo linalowapumbaza watu. Bomba likipasuka huku barafu bado imeziba, hakuna hata tone linalotoka. Maji huanza kumwagika siku baridi inapolegea, au siku fundi anapofufua mashine ya joto na kila mtu anashusha pumzi. Bomba la nusu inchi lililochanika likitoa galoni 5 kwa dakika, kwa saa 24 ni zaidi ya lita 27,000. Hebu fikiria matangi matano ya lita 5,000 yakimwagwa sebuleni kwako, na zaidi. Dari zinashuka, sakafu za mbao zinavimba kama mkate, na baada ya siku chache ukungu unaanza kupanda ukutani.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: maji yafungwe na kutolewa kwenye mabomba, na joto libaki limewashwa. Wengi huchagua moja kati ya hayo mawili. Anayeacha joto peke yake ametegemea umeme, gesi, betri, kichujio na tundu la moshi, na kimoja kikikosa tu, mabomba yana maji yenye shinikizo yanasubiri. Anayefunga maji na kuzima joto kabisa ili aokoe bili naye anaiumiza nyumba kwa njia nyingine. Plasta na rangi hupasuka, milango hupinda, makopo ya vyakula na rangi za maji huharibika. Kubwa zaidi ni msingi. Sheria za ujenzi za Minnesota zinataka msingi ushuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, kwa sababu udongo huganda hadi kina hicho na barafu yake huinua vitu. Joto linalovuja kutoka besimenti, yaani ghorofa iliyo chini ya ardhi, husaidia kuuzuia udongo ulio karibu na ukuta usigande. Likiondolewa msimu mzima, ukuta wa msingi unaweza kusukumwa ndani na kufanya ufa.

Kiasi gani cha joto? Ushauri unaorudiwa kila mahali ni usishuke chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit (karibu 13 za Selsiasi). Ni ushauri mzuri, ila ukumbuke themostati inapima korido, na korido iko katikati ya nyumba. Kabati la chini ya sinki la jikoni linalogusa ukuta wa nje linaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi nyingi, na bafu lililojengwa juu ya gereji ni baya kuliko hilo. Kwa nyumba iliyojengwa kabla ya miaka ya 1950, au yenye chumba juu ya gereji, tunaweka 60. Milango ya makabati yote yenye mabomba iachwe wazi, milango ya vyumba iwe wazi, na mlango wa gereji ushuke mpaka chini kabisa. Kama unataka kuhakikisha, weka kipimajoto cha dola chache ndani ya kabati usiku mmoja wa baridi kabla hujasafiri, ukisome alfajiri.

Sasa valvu. Valvu kuu ya maji iko pale bomba la mtaani linapoingilia, kwa kawaida besimenti, ukuta unaotazama barabara, karibu na mita. Itafute Oktoba, usingoje usiku wa safari. Ikiwa ina mkono mrefu wa chuma, ni ya tufe (ball valve): robo ya mzunguko tu, na mkono ukikaa kinyume na bomba, kama msalaba, imefungwa. Ikiwa ina gurudumu dogo la duara, ni ya aina ya zamani, na hiyo ina tabia mbaya. Ikikaa miaka bila kuguswa huota kutu, inaweza kukataa kufunga kabisa, au kijiti chake kikakatika mkononi mwako huku maji yakitoka. Ijaribu mwezi mmoja kabla ya safari. Ifunge, fungua koki iliyo chini kuliko zote ndani ya nyumba, kwa wengi ni ya sinki la kufulia besimenti, ngoja robo saa. Koki ikikauka kabisa, valvu ni nzima. Ikiendelea kudondosha, mwite fundi bomba abadilishe aweke ya tufe. Huenda jiji likahitajika kufunga maji barabarani ili fundi aweze kufanya kazi hiyo, na miadi hiyo haipatikani siku moja.

Siku ya safari, mpangilio ni huu. Kwanza hita ya maji. Ya umeme izimwe kwenye breka. Hili halina msamaha, kwa sababu tangi likipungukiwa maji huku waya za ndani zinawaka, zinaungua mara moja. Ya gesi isogezwe kwenye alama ya likizo au ya moto mdogo. Ukiacha joto la nyumba, tangi lenyewe linaweza kubaki limejaa. Funga tu valvu ya maji baridi iliyo juu yake. Kisha funga valvu kuu. Panda ghorofa ya juu kabisa, fungua koki zote, za moto na za baridi, na za bafu pia. Halafu shuka ufungue za chini. Hewa inaingia juu, maji yanatoka chini kwa uzito wake. Bila hewa ya juu maji hukaa bombani kama yanavyokaa kwenye mrija ulioziba kwa kidole. Vuta choo kila bafu mpaka tangi liishe, halafu kausha kilichobaki tangini kwa sponji. Yakishaacha kudondoka kwenye koki ya chini, ziache koki zote wazi, na hakikisha hakuna sinki lililozibwa kwa kizibo chake. Aliyefunga valvu vibaya akakuta sinki limezibwa, mafuriko yatatoka hapo hapo.

Vitu vidogo vinavyosahauliwa ndivyo vinavyopasuka. Friji yenye mashine ya barafu ina bomba jembamba la robo inchi linalopita nyuma yake, mara nyingi kwenye ukuta wa nje. Zima mashine hiyo na ufunge valvu yake. Mashine ya kufulia ina mipira miwili, wa moto na wa baridi, yenye maji yaliyonaswa: funga koki zake, ifungue, iinamishie ndoo. Chombo cha kulainisha maji kina valvu ya kupitisha maji pembeni, na kifaa cha kuongeza unyevu kilichobandikwa kwenye mashine ya joto kina kabomba kake. Koki ya nje ya bustani ndiyo mkorofi mkubwa. Hata ile ya kisasa isiyoganda, ambayo kizibo chake kiko ndani ya ukuta, hupasuka ikiwa mpira wa maji umeachwa umefungwa juu yake, kwa sababu maji hayawezi kutoka. Ufa wake uko ndani, kwa hiyo huoni kitu mpaka Aprili, siku ya kwanza ya kumwagilia maua, maji yanaposhuka besimenti. Vua mipira yote Oktoba. Kama koki ya nje ina valvu yake ndani, ifunge, kisha fungua kifuniko kidogo kilicho pembeni ya valvu hiyo ili maji yaliyobaki yatoke.

Chini ya kila sinki bomba la maji machafu limepinda kama herufi U, na maji yanayokaa hapo ndiyo kizuizi cha harufu ya mtaro. Kwa wiki sita za hewa kavu ya majira ya baridi maji hayo hupungua au hukauka, ndipo watu wanarudi nyumba inanuka na wanadhani kuna panya aliyekufa. Mimina humo kikombe kimoja au viwili vya antifrizi (dawa ya kuzuia kuganda) ya waridi, ile inayouzwa kwa ajili ya magari ya kambi. Tundu la sakafu ya besimenti usilisahau, wala bakuli la choo: humo weka kama lita moja. Antifrizi hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa propilini glaikoli. Ile ya rejeta ya gari, yenye ethilini glaikoli, ni sumu. Ina utamu unaovutia watoto na wanyama, na haina kazi yoyote ndani ya mabomba ya nyumba.

Nyumba za kupashwa joto kwa rejeta za maji ya moto, na ziko nyingi katika mitaa ya zamani ya Minneapolis na St. Paul, zina sharti lake. Kufunga maji ya matumizi hakuzilindi rejeta, kwa sababu mfumo wao ni mzunguko wa peke yake na umejaa maji muda wote. Usiutoe maji mwenyewe. Tena boila nyingi zina kifaa cha kuzizima maji yakipungua, na ukifunga valvu kuu umeikatia boila njia ya kujazwa. Mfumo mzima na usiovuja hauhitaji kuongezewa maji kwa wiki sita, lakini mwulize fundi wa boila kwanza. Nyumba ya namna hii inahitaji mtu wa kuiangalia mara nyingi zaidi kuliko nyingine, kwa kuwa joto ndilo kinga yake pekee. Na kwa wenye nyumba za safu zilizo na mabomba ya kuzima moto darini: hayo hayafungwi. Ongeeni na chama cha wamiliki, acheni joto juu.

Sehemu ya pili ni kuhakikisha joto halizimi. Fanesi, kama tunavyoiita hapa mashine ya kupashia joto, huzimwa na vitu vidogo kuliko inavyozimwa na ubovu mkubwa. Kichujio kilichojaa vumbi huzuia hewa, chuma cha ndani kinapata moto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata. Badilisha siku ya safari, na mshale ulioandikwa pembeni uelekee kwenye mashine. Themostati ya betri ibadilishiwe betri hata kama za zamani hazijaisha. Kijiti kinachohisi mwali wa gesi hupakwa masizi meupe, na mashine ikishindwa kuuhisi mwali inafunga gesi yenyewe. Fundi wa ukaguzi wa Oktoba hukisafisha kwa dakika chache.

Fanesi za kisasa, zile zenye mabomba meupe ya PVC yanayotokea ukutani, zina udhaifu wa pekee. Bomba moja linavuta hewa, jingine linatoa moshi wenye mvuke. Theluji ikirundikana mbele yake, au mvuke ukiganda mdomoni ukajenga ndevu za barafu, mashine inakosa pumzi na kuzima. Mdomo wa bomba uwe juu ya theluji kwa inchi 12 angalau, na anayekuja kuangalia nyumba aanzie hapo kabla hajaingia ndani. Mashine hizi pia hutoa maji ya mvuke uliopoa, kupitia kampira kembamba kwenda kwenye tundu la sakafu. Kampira hako kakipita sehemu ya baridi kanaganda, maji yanarudi nyuma, mashine inajizima. Kasogeze, au kavalishe sponji ya mabomba. Sponji, kwa njia, haitoi joto. Inachelewesha tu, kama blanketi juu ya jiwe: nyumba ikikaa baridi siku mbili, bomba lililovalishwa nalo litaganda.

Bili za umeme na gesi ziwekwe zilipwe zenyewe. Minnesota ina kanuni ya majira ya baridi inayomlinda mteja asikatiwe joto, kuanzia 1 Oktoba mpaka 30 Aprili, lakini ulinzi huo humtaka mteja awasiliane na kampuni na kukubaliana mpango wa malipo. Aliye Kitui bila simu ya Marekani hewani hawezi kufanya hivyo. Ndugu zetu Wakongo na Warundi walioko Maine, Portland na Lewiston, wao wengi wanatumia mafuta: tangi lijazwe kabla ya safari, na kama tangi liko nje, mwuzaji aulizwe kuhusu kuchanganya mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya kawaida ya kupashia huwa mazito kwenye baridi kali na kuziba kichujio.

Kifaa cha kukupigia kelele joto likishuka ni cha lazima siku hizi. Kinachotumia intaneti ya nyumbani kina kasoro moja: umeme ukikatika kinanyamaza, wakati ule ule unaokihitaji. Chenye laini yake ya simu na betri ni bora. Usikiweke sebuleni. Kiweke mahali pa baridi kuliko pote, kabatini kwa sinki la jikoni au besimenti ukuta wa kaskazini, na tahadhari iwe nyuzi 50, bado una saa kadhaa za kufanya jambo. Saa nane usiku ya Minneapolis majira ya baridi ni saa tano asubuhi Nairobi na Dar es Salaam. Tahadhari itakukuta uko macho, lakini mwenye ufunguo wako amelala fofofo. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba simu yako ya usiku ataipokea.

Mwenye ufunguo asiwe mtu wa kukuonea haya, au wewe kumwonea haya yeye. Jirani wa karibu, hata kama hamzoeani sana, mara nyingi anafaa kuliko binamu anayekaa dakika arobaini kwa gari, kwa sababu barabara zikijaa theluji binamu hafiki. Aje mara mbili kwa wiki, na tena asubuhi baada ya kila usiku ulioshuka chini ya sifuri ya Fahrenheit. Mtembeze kabla ya kuondoka: hapa breka, hapa valvu kuu, hapa themostati, namba ya fundi wa joto hii, ya fundi bomba hii. Mwonyeshe asome kiwango cha joto na akutumie picha yake. Minneapolis inamtaka mwenye nyumba aondoe theluji kwenye njia ya waenda kwa miguu ndani ya saa 24 baada ya kuacha kuanguka, kwa hiyo mlipe mtu wa koleo pia.

Na umwambie kwa maneno haya haya: mashine ikizima, asilete jiko la mkaa ndani, asiwashe oveni ya gesi na kuuacha mlango wazi. Tumelelewa na majiko ya mkaa, tunayaona ya kawaida, lakini nyumba za huku zimezibwa zisivuje hewa, na moshi usioonekana wa kaboni monoksaidi unaua watu wamelala. Hita ndogo za umeme zinafaa, moja kwa kila mzunguko wa breka, zichomekwe ukutani moja kwa moja bila waya wa kuongezea, na ziwake tu wakati kuna mtu ndani ya nyumba.

Bima ina maneno yake. Mikataba mingi ya bima ya nyumba Marekani inakataa kulipa hasara ya kuganda katika nyumba isiyo na watu, isipokuwa mwenye nyumba awe ametumia uangalifu wa kutosha kuacha joto, au amefunga na kutoa maji kwenye mifumo yote. Kanada wako wakali zaidi: mikataba mingi inasema ukiwa mbali zaidi ya siku nne mfululizo katika msimu wa joto la ndani, lazima mtu mwenye uwezo awe anaingia kila siku kuangalia, au maji yawe yamefungwa na kutolewa. Wa Edmonton na Winnipeg wasome ukurasa huo kabla ya kukata tiketi. Piga picha valvu ikiwa imefungwa, koki zikiwa wazi, themostati ikionyesha namba yake, na hifadhi picha za kila ziara ya mwenye ufunguo.

Anayeondoka mpaka Aprili, au nyumba ambayo joto lake halitegemeki, anahitaji kazi nzito zaidi. Tangi la hita litolewe maji yote kwa mpira kwenda kwenye tundu la sakafu, koki ya maji moto ikiwa wazi juu ili hewa iingie; tangi la galoni 40 au 50 huchukua muda, na tope la chini huweza kuziba. Mabomba yapulizwe kwa kompresa, shinikizo lisizidi psi 50, koki moja moja, ukianzia ya mbali. Mashine ya kuoshea vyombo na ya kufulia zimiminiwe antifrizi ya waridi, ziendeshwe sekunde chache kwenye hatua ya kutoa maji ili pampu ilambe. Usiichanganye na maji. Ile -50 (ya Fahrenheit) iliyoandikwa kwenye galoni ina maana kwamba bomba halipasuki mpaka hapo, lakini dawa yenyewe huanza kuwa uji mapema zaidi, na ikichanganywa na maji yaliyobaki kwenye kona za bomba inapoteza nguvu haraka. Wenye kisima wazime breka ya pampu kabla ya yote na watoe maji kwenye tangi la shinikizo.

Neno kwa walioko Texas. Februari 2021, Dallas ilipofika nyuzi -2 za Fahrenheit na umeme ukakatika kwa siku kadhaa, mabomba mengi yalipasuka kwa sababu nyumba za huko hupitisha maji darini, juu ya insulesheni, yaani tandiko la kuzuia joto lisitoke. Kuachia koki idondoke ni mbinu ya aliye nyumbani, usiku mmoja au miwili. Kwa nyumba tupu haifai: bomba la maji machafu likiganda, matone hayo hayo yanajaza sinki na kumwagika sakafuni. Kufunga na kutoa maji kunafaa Houston kama kunavyofaa Duluth.

Siku ya kurudi, zuia hamu ya kuoga kwanza. Pandisha joto, ngoja nyumba ipate moto kuta zake, hata kama ni saa kadhaa. Zungukia kila bomba unaloweza kuliona, ukitafuta mabomba ya shaba yaliyovimba au kuchanika, na viungo vya plastiki vyenye ufa. Ukikuta bomba bado lina barafu, koki yake iwe wazi na valvu kuu ifungwe, kisha tumia mashine ya kukaushia nywele kuanzia upande wa koki kurudi nyuma. Moto wa tochi ya gesi usikaribie ukuta. Koki za ghorofani zote ziwe wazi kidogo, vichujio vidogo vya midomo yake vimevuliwa ili kutu isivizibe. Kisha mtu mmoja afungue valvu kuu taratibu, robo kwa robo, na mwingine apite vyumbani akisikiliza kuta. Zitakohoa hewa, hiyo ni kawaida. Maji yakitiririka kwa sauti mahali pasipo koki, funga. Hita ya umeme iwashwe mwisho, baada ya koki ya maji moto kutoa maji mfululizo bila kukohoa. Koki ya nje ibaki imefungwa mpaka Aprili, na siku ya kuifungua mmoja wenu awe besimenti, na taa mkononi, akiuangalia ukuta kwa ndani.